Paja limechanika, afu unakesha

Mwezi wa tatu huu nachechemea. Tulikua tunacheza maveterani kule ufukweni Shangani, Mtwara, nakimbilia mpira mrefu nkasikia pwaa nyuma ya paja, kama mtu kanitupia jiwe, nkageuka kumtafuta mjinga aliyerusha, hamna mtu.

Basi kila anayekuja kunipa pole ana dawa yake. Shemeji kaja na mafuta ya nazi kachemshia vitunguu saumu, mjomba anataka nipelekwe Mikindani kwa bibi mmoja anachua, washkaji wao ni supu ya pweza tu. Supu sikukataa. Ila hamna hata mmoja aliyeniuliza, we unalala saa ngapi?

Na mi nlikua silali. Msimu wa korosho umepamba moto, kazi yangu kuandika magunia ghalani, magari yanashusha mpaka usiku, nkitoka hapo kama kuna UEFA napitia banda umiza na mguu wangu huohuo, mechi inaanza saa tano inaisha karibu saa saba, nafika kitandani saa nane, alfajiri adhana imeshanikuta macho.

Mtu wa mazoezi ya viungo ndo alinikamata kwa hilo swali. Nkaanza kujiumauma. Akanambia homoni ya ukuaji, inayosaidia mwili kujikarabati, kwa wingi inatoka ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Nkaenda kusoma mwenyewe, kuna utafiti wa Australia wa 2021, vijana 13 walikeshwa usiku mmoja tu, kasi ya misuli kutengeneza protini ikashuka asilimia 18, testosteroni ikashuka asilimia 24, kotisoli, ile homoni ya stresi, ikapanda asilimia 21. Kweli hao walikua wazima hawajaumia popote, ila mi mwenye paja lililochanika nlikua nakatwa usingizi miezi miwili!

Najua mlinzi au wa bodaboda za usiku ataniambia nikilala usiku watoto wale nini, na hapo sina jibu, labda alale mchana chumba kiwe giza. Nnaowasema ni sisi tunaokesha kwa kupenda afu tunalalamika dawa haifanyi kazi.

Siku hizi saa nne nishazima taa, simu naiacha sebuleni, mke wangu anacheka eti nimezeeka. Matokeo nauliza asubuhi kwa muuza chapati. Juzi nimetembea hadi sokoni na kurudi bila kusimama, ingawa ngazi bado zinanitoa machozi.