Limfosaiti Zimekwenda Wapi?

Nimechoka kuona majibu ya damu yakisomwa mstari mmoja. Mtu ana kikohozi, homa na maumivu ya mwili. Anapimwa, jicho linakimbilia jumla ya chembe nyeupe, na muda si mrefu ana antibiotiki mkononi, dawa isiyoua kirusi hata kimoja.

Jumla ile husema machache. Kwa mtu mzima kawaida yake ni kama chembe 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita, na mwenye homa ya mafua au UVIKO-19 anaweza kubaki humo humo. Mimi huanza na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe zinazopambana hasa na virusi. Hizi hushuka, na kwa wagonjwa waliolazwa si ajabu kuzikuta chini ya 1,000. Baadhi hufa, na nyingine huwa zimehama damu na kwenda kwenye mapafu na tezi, kwenye mapambano yenyewe, ambako sindano yetu haifiki.

Ndiyo maana majibu ya leo peke yake hayanitoshi. Nataka na ya juzi. Limfosaiti zikianza kupanda, napata matumaini. Zikizidi kushuka huku nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana hasa na bakteria, zinapanda, naingiwa na hofu, hata mgonjwa akisema hajambo.

Lakini hata nyutrofili hudanganya. Mwaka 2020 jaribio la dawa lililoitwa RECOVERY, la Uingereza, lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya steroidi, huokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni. Dawa hiyo hiyo huzibandua nyutrofili zilizojishikiza kwenye kuta za mishipa, zikaingia kwenye mkondo wa damu na kuhesabika. Asiyejua mgonjwa amepewa nini ataapa kwamba bakteria wamevamia.

CRP, protini inayopimwa kwenye damu, nayo hutwishwa mzigo usio wake. Ini huimwaga mwili unapowaka kwa uvimbe wa ndani (inflamesheni), chanzo kiwe bakteria au kirusi; katika UVIKO-19 kali huweza kupita miligramu 100 kwa lita bila bakteria yeyote. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, hutenganisha bakteria na virusi vizuri kidogo, kwa kuwa virusi pekee kwa kawaida haviipandishi sana, ila figo zikiwa mbovu nayo huyumba.

Ninachowaomba wenzangu wanaojaza fomu za vipimo ni maneno mawili matatu: siku ya ngapi ya ugonjwa, na dawa gani ameshatumia. Damu ya siku ya 2 na ya siku ya 8 hazisomwi sawa. Na anayehema kwa taabu apimwe oksijeni kwanza. Karatasi itamfuata kitandani.