Mgonjwa Humrudia Nesi

Muulize mama wa Dar es Salaam kwa nini anaipita zahanati ya mtaani kwake na kupanda daladala mbili kwenda kujifungulia kwingine. Ni nadra akutajie mashine au jina la daktari. Atakwambia, "Pale manesi wana maneno." Kituo kimeshampoteza, yeye pamoja na mawifi zake wote.

Daktari hupita raundi asubuhi, akaandika kwenye faili, akaenda zake. Saa zinazobaki ni za nesi. Ndiye anayejua dripu imeisha, kidonda kinachuruzika, na bibi wa kitanda cha pembeni hajala tangu jana. Ukiita usiku ukaitikiwa, hospitali hiyo utaisifia hata kama rangi ya ukuta imebanduka.

Kenya ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Agosti mwaka uleule, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, na manesi waliomkuta wakamtukana na kumpiga. Tukio lilirekodiwa kwa simu, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Tangazo la huduma ya bure halikumfaa kitu. Anayeogopa kutukanwa atakopa hela akajifungulie hospitali ya misheni.

Hata hivyo, sikubali manesi wabebeshwe lawama zote. Wakubwa huwapeleka semina ya huduma kwa mteja, hubandika bango la "Mteja ni Mfalme", kisha usiku wodi nzima huachiwa mtu mmoja. (Sanduku la maoni nalo lina kufuli lenye kutu, na ufunguo hajulikani anao nani.) Nesi aliyekimbizana na vitanda tangu jioni, saa tisa usiku utamdai tabasamu la wapi?

Wenye hospitali binafsi walitazame hili kwa jicho la biashara. Mwenye kadi ya bima akiudhika wodini, safari ijayo kadi ileile ataipeleka hospitali ya jirani, na malipo ya mfuko wa bima yatamfuata hukohuko. Kwa hiyo mkurugenzi anayepima kati ya mashine nyingine ya picha na manesi wa kuongeza zamu ya usiku, mimi ningemwambia aajiri manesi kwanza. Na posho zao za usiku ziingie mwezi huohuo, siyo baada ya kufuatilia uhasibu hadi wachoke.