Herufi Nne

Kikundi chetu kina wanawake tisa, cherehani mbili na umbea usiopimika. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana barazani kwa Mwenyekiti, Ngamiani hapa Tanga, tunashona mablanketi ya viraka kwa kanga zilizochakaa. Wenzetu wanacheza upatu wa pesa, sisi tunacheza upatu wa blanketi: kila mwezi anashonewa mmoja, na huyo ndiye anayeleta chai na visheti.

Usije ukamwambia Mwenyekiti kwamba viraka ni umaskini. Atakukalisha akueleze kuwa kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuungwaungwa: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapwa, zilizokuja zimeshikana kwenye jora, wakakata tatu na tatu, wakaziunga zikawa 6, nguo nzima ya kujifunga. Siku hizi akianza tu, sisi tunamalizia.

Zamu yangu ilipofika, nyumbani nilikuwa na mgeni. Mama mkwe alitoka Pangani kuja kutolewa mtoto wa jicho, akasema anakaa wiki moja. Jicho likapona, alhamdulillahi, wiki ikawa miezi miwili na siku nne. Sikuwa nahesabu. Ila lile jicho jipya, jamani! Lilikuwa linaona vumbi la uvunguni kutoka sebuleni.

Mwenyekiti akatoa wazo: "Blanketi lako mpe mkweo. Katikati tuweke jina la kanga zima bila kulikatakata, liwe kama salamu." Nikaleta kanga yangu nyekundu, MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Tukalikata jina lote, kipande kirefu kama mkanda, pembeni tukapanga viraka vya inchi 6 kwa 6. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi.

Pasi yetu ni ya mkaa, na mkaa hautaki hadithi. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi mama mkwe alivyoonja mchuzi wangu wa pweza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hivi mwanangu anapenda hivi?" Nikamwigiza mpaka na ule mkao wa shingo. Barazani watu wanajishika mbavu. Shangazi mmoja akanusa: "Kuna kitu kinaungua." Nainua pasi, naona alama ya kahawia iliyochongoka kama mtumbwi, na ndani yake, kwenye ule mkanda wa maneno, neno moja tu limekwenda. NJOO.

Nikasema hapana taabu, nitaziba nyumbani. Usiku ule umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, nikaibana begani kwa kidevu, nikamwaga mfuko wa vipande vya kikundi sakafuni. Kiraka kitupu kingeonekana kama pengo la jino, kwa hiyo nikatafuta chenye maandishi. Na hapa naomba mnielewe: nilihesabu herufi. NJOO ni herufi nne. Nikapata kipande chekundu hichohicho, upana uleule, herufi nne. Ukiunga nguo unashona kwa ndani, maandishi yanageuka kinyumenyume. Mimi niliona AKOT. Nikasema moyoni, AKOT haimdhuru mtu.

Jumamosi wakaja wote kwangu. Mama mkwe kakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, kanga mabegani, harufu ya karafuu. Mwenyekiti akahutubia, akapita na kwenye leso 6, vigelegele vikapigwa, blanketi likakunjuliwa magotini mwa bibi.

Nina mtoto yuko darasa la pili. Ameanza kujua kusoma na hajali anasoma nini, kuanzia mabango ya barabarani hadi kopo la dawa ya mende, tena kwa sauti ya mstarini. Akasogea, akaweka kidole.

"M-ge-ni... to-ka... mwe-nye-ji a-po-ne."

Kigelegele cha mwisho kilikatikia kooni mwa mtu.

"Rudia, mjukuu wangu."

Akarudia, safari hii bila kukata silabi. Bibi akainama kusoma mwenyewe, bila miwani, kwa lile jicho tulilolipia sisi. Nilifungua mdomo nieleze habari za pasi, nikakumbuka kwamba nikieleza pasi itanibidi nieleze na nilikuwa nasimulia nini. Nikaufunga.

Katibu wetu akajitosa kuniokoa. "Mama, hicho kipande cha katikati ni cha kanga yangu mimi, nilikitia mfukoni. Ilikuwa imeandikwa AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA." Nilitamani kumfunika na blanketi lenyewe. Hakuna aliyethubutu hata kutafuna kisheti.

Mama mkwe akakaa kimya, akilipapasa lile neno kwa dole gumba. Kisha akaniangalia.

"Akufukuzaye hakwambii toka. Sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Na wewe umeniambia toka. Tena kwa maandishi, mbele ya mashahidi."

"Mama, wallahi si..."

"Basi hunifukuzi." Akalivuta blanketi mpaka kiunoni, akajiweka sawa kitini. "Niongezee chai, mke mwanangu. Na tangawizi safari hii isiwe ya kuogopa."

Jumamosi iliyofuata nilipofika kwa Mwenyekiti nilimkuta mama mkwe keshakaa barazani, ana subana yake kidoleni na mfuko wa vipande mapajani. Kila kiraka anakigeuza, anakisoma mbele na nyuma, ndipo anakipitisha kwa mshonaji. Pasi wamempa Shangazi.