Mti ukigeuka rangi, usikimbilie dukani

Mwangati wangu nilipewa na shemeji aliyekuwa akifanya kazi Lushoto. Uliletwa Unguja ndani ya kopo, mche usiozidi kalamu kwa urefu. Nikauhamishia kwenye chungu kipana kifupi na kuufundisha kuwa bonsai, yaani mti mdogo wa chungu unaokatwa na kukunjwa ufanane na mti mzee. Mwangati ni aina ya junipa, miti ya jamii ya misaipresi, na ndio junipa pekee inayoota yenyewe kusini mwa ikweta. Kwao ni milimani, kwenye ukungu na baridi ya usiku, na mimi nauweka uani kwangu Ng'ambo, mjini Unguja. Najua nimeupa mtihani, ndiyo maana nauangalia kila siku.

Kaskazi iliyopita, ncha za majani ya upande mmoja zilianza kuwa kahawia, na kijani cha mti mzima kikafifia kikawa kama kimepakwa majivu. Nikakata kijitawi nikaenda nacho duka la pembejeo. Muuzaji alikitazama mara moja tu, akanambia ni utitiri, vile vidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, akanipa dawa. Nikapiga. Wiki ya pili nikarudi, nikapewa na mbolea, eti mti una njaa. Nikatia. Kahawia ikapanda.

Hapo ndipo ninapotaka kusema langu, na nalisema kwa uchungu: tumezoea kutibu rangi. Jani likiwa njano, dawa. Likiwa kahawia, mbolea. Hakuna anayeuliza mti umeishi vipi miezi miwili iliyopita. Na kwa junipa hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu jani lake hukaa kijani wiki kadhaa hata mizizi ikiwa imeshakufa. Rangi unayoiona leo ni habari ya zamani.

Nilimpigia simu ami yangu aliyeko Wete, Pemba, mtu aliyezeeka na mikarafuu.

"Mkarafuu ukipiga manjano, mwanangu, mizizi imeshaharibika kitambo. Wewe unaupaka dawa usoni, maradhi yapo miguuni. Unaunywesha maji gani?"

"Ya kisima, ami. Mfereji hautoki siku hizi."

"Umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Niliyaonja jioni ile: chumvichumvi ya wazi. Nikakitazama chungu vizuri. Ukingoni palikuwa na ukoko mweupe, nami siku zote nikidhani ni vumbi la chokaa la ukuta. Nikautoa mti taratibu. Upande uliokauka, mizizi midogo ilikuwa myeusi. Ukiivuta, ganda linateleza na kubaki uzi mtupu mkononi. Upande wa pili ilikuwa imara, yenye ncha nyeupe. Mbolea niliyoitia ilikuwa chumvi juu ya chumvi.

Sisemi utitiri haupo. Upo, na jua kali la kaskazi ndiyo sikukuu yake. Lakini kuujua hakuhitaji muuzaji: weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge, subiri. Vidoa vikitembea, na ukivisugua kwa kidole vikaacha mstari mwekundu au wa kahawia, ndio wenyewe, na mara nyingi maji ya nguvu yanayopigwa chini ya majani kila baada ya siku chache hupunguza wengi kabla hujanunua chochote. Mimi sikuwahi kugonga tawi kabla ya kupiga dawa. Nilipogonga baadaye, karatasi ilikuwa safi.

Majani ya ndani, karibu na shina, yakiwa njano machache machache huku ncha zinachipua vizuri, yaache. Huo ni uzee tu na kukosa mwanga. Tawi likikutia shaka, likune kwa ukucha: kijani chini ya gome, liko hai, kahawia kavu, limekwenda. Na ukiuweka sebuleni kwa ajili ya wageni, usitafute maradhi mengine. Junipa ni mti wa jua na upepo.

Niliuosha udongo kwa maji mengi ya mvua, nikaacha kabisa mbolea, nikautia kivulini saa za mchana. Sasa nina pipa chini ya bati, na masika yote nilikinga. Mwezi wa sita ncha mpya zilitoka, kijani kibichi, laini ukizigusa.

Tawi moja la chini halikurudi. Junipa haichipui tena kwenye tawi kavu lisilo na jani hata moja, kwa hiyo sikulisubiri. Wajapani tawi kama hilo huliacha likiwa jeupe wakaliita jin. Nami nililimenya gome kwa kisu kidogo, polepole, na ua mzima ukanukia penseli mpya iliyochongwa sasa hivi.