Presha mwaloni: tumpime kila mtu, au tuanze na kidonge?

Jumamosi moja asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa na kelele za wabeba mizigo, palisimamishwa hema jeupe lenye meza mbili na kipimo cha presha. Upimaji wa bure. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya chai na chapati. Nikasimama pembeni kutazama. Akakaa mvuvi wa makamo, mkono umejengeka kwa miaka ya kuvuta nyavu, kiasi kwamba mkanda wa kipimo uliachia mara mbili kabla ya kukubali kufunga. Hakupewa nafasi ya kupumzika. Alitoka kupakua mzigo akaingia kwenye kiti. Mkono wenyewe ulikuwa unaning'inia pembeni. Mashine ikavuma, ikatoa 158 kwa 96.

"Presha yako iko juu, baba. Uende hospitali," nesi akamwambia, akaandika namba kwenye kadi ndogo. Dakika tatu hazikufika, mwingine akakaa.

Makambi ya upimaji yamekuwa mengi. Tarehe 17 Mei ni siku ya presha duniani, 29 Septemba ni Siku ya Moyo, na kati ya hapo kuna mbio za hisani, maonesho, makongamano ya makanisa na ziara za viongozi, na kila mahali hema halikosekani. Swali langu ni dogo ila linagawa hata madaktari wenyewe: je, kumpima kila anayepita kunaokoa mtu?

Wanaotetea wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Presha haiumi. Mtu anaishi nayo miaka kumi akivua, akilima, akicheza mpira na vijana, mpaka siku anapoamka mdomo umepinda na mkono mmoja haufanyi kazi. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wazima waliolazwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa miaka mitatu, wakachapisha matokeo mwaka 2013, walikuta magonjwa yanayoletwa na presha yamo katika visababishi vikubwa kabisa vya vifo wodini. Na kiharusi kikishapiga, huku kwetu muda ni adui. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Sasa chukua mtu wa kisiwa cha Ukara. Mpaka avuke afike Ukerewe, apate meli ya Nansio ambayo peke yake inakula saa tatu hivi, kisha apandishwe kilima cha Bugando, dirisha limeshafungwa. Kwa watu wa visiwani, tiba ya kiharusi iliyo ndani ya uwezo wao ni kutokukipata. Na huwezi kuzuia usichokijua. Ndiyo maana wanasema: pima, pima, pima.

Upande wa pili nao una ushahidi, na si wa kubahatisha. Kule Denmark, viungani mwa jiji la Copenhagen, watafiti waligawa kwa bahati nasibu watu karibu 60,000 wa umri wa miaka 30 hadi 60. Zaidi ya 11,000 waliitwa wapimwe, wakaelezwa hatari zao, wakashauriwa kwa miaka mitano kuhusu sigara, chakula na mazoezi. Matokeo ya miaka kumi yalitoka 2014: magonjwa ya moyo, kiharusi na vifo havikutofautiana na vya wale ambao hawakuitwa. Sifuri. Kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba kinga ni bora kuliko tiba, matokeo hayo yanauma.

Ila nani kati yetu ni mtu wa Copenhagen? Kule kila mtu ana daktari wake wa familia. Asiyepimwa na watafiti alipimwa na daktari wake alipokwenda kutibiwa mafua, na akiwa na presha alipewa dawa. Kundi lisiloitwa halikuwa limeachwa gizani. Mvuvi wa kisiwa cha Goziba hana daktari wa familia. Ana duka la dawa na ana mganga. Kwa hiyo anayechukua utafiti wa Denmark na kusema makambi ya Mwanza ni bure anavuka ziwa kwa ramani ya nchi kavu. Kinachobaki na uzito kwetu ni kitu kimoja: ushauri mtupu, hata uliotolewa kwa ustadi na kwa miaka mitano, haukutosha.

Kabla sijafika kwenye dawa, nirudi kwenye ule mkono. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima watu 195 kwa mikanda ya ukubwa tofauti. Waliostahili mkanda mkubwa kabisa, wakafungwa wa kawaida, namba yao ya juu ilipanda kwa takriban 20. Ishirini! Hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye uzima na kumwingiza kwenye ugonjwa. Mwaka uliofuata wengine wakapima watu 133 kwa kubadilisha mkao wa mkono: ukilazwa mapajani namba ya juu ilizidi kwa karibu 4, ukining'inia pembeni ilizidi kwa 6 na zaidi. Mvuvi wetu alikuwa na makosa yote mawili, na kupumzika dakika tano hakupumzika. Inawezekana ana presha kweli. Inawezekana pia alibebeshwa jina la ugonjwa kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Hili ndilo jambo rahisi kurekebisha kuliko yote: mkanda mkubwa mmoja, meza ya kuegemeza mkono, benchi la kungojea, na kupima mara mbili. Tena halihitaji mfadhili mkubwa.

Utafiti ambao mimi naupa uzito kuliko wote katika mjadala huu haukufanyika hospitalini. Ulifanyika saluni. Los Angeles, saluni 52 za vinyozi, wateja wanaume weusi 319 wenye presha isiyodhibitiwa, matokeo yakatoka 2018. Katika kundi moja kinyozi alimhimiza mteja abadili maisha na aende kwa daktari. Katika kundi la pili kinyozi alihimiza, lakini mfamasia naye akaja pale pale saluni, akaandika dawa, akarudi kufuatilia. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha katika kundi la kuhimizwa ilishuka kwa takriban 9. Katika kundi la mfamasia ilishuka kwa 27. Vinyozi ni wa aina ile ile, viti vya aina ile ile, maneno karibu yale yale. Kilichoongezeka ni kidonge na mtu wa kukifuatilia.

Rudisha hilo mwaloni. Hema letu la Jumamosi lilikuwa lile kundi la kwanza la vinyozi, tena bila urafiki wa kinyozi.

Hata hapa ziwani tuna mfano. Mradi ulioitwa SEARCH ulifanyika kwenye jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, baadhi yake kwenye kingo za Ziwa Victoria upande wa Nyanza. Walikuja na makambi ya kupima VVU, presha na kisukari kwa pamoja, pande zote. Tofauti ilikuwa kilichofuata: jamii za upande mmoja ziliunganishwa na huduma iliyopangwa vizuri, ya karibu na yenye ufuatiliaji. Baada ya miaka mitatu, kwenye jamii hizo asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti, dhidi ya asilimia 37 kwa wenzao. Msomaji mkali ataniambia: kwa hiyo hata walipojitahidi, zaidi ya nusu walishindwa. Kweli. Lakini tofauti ya pointi kumi kwenye kijiji si ndogo, na haikuletwa na kupima, maana wote walipimwa.

Kuna ndugu yangu, mjomba upande wa mama, ambaye kwenye pochi yake tulikuta kadi tatu za makambi ya aina hii. Kadi tatu, miaka mitatu, zote juu ya 160. Tulizikuta tukitafuta kadi yake ya bima, yeye akiwa amelala upande hauna nguvu. Siwezi kusema hakuambiwa. Aliambiwa mara tatu. Alikwenda zahanati mara moja, akaambiwa dawa zimeisha ajaribu dukani; dukani akanunua za wiki mbili, zikaisha, akajisikia mzima, akanywa choya. (Choya ni kinywaji kizuri, nami nakunywa. Si mbadala wa dawa kwa mtu wa 160.) Uchunguzi wa vituo vya afya vya kanda hii uliochapishwa 2014 ulishaonesha kwamba hospitali zilikuwa na nafuu, ila vituo vya afya na zahanati zilikuwa nyuma sana kwa dawa, vifaa na mafunzo ya presha na kisukari. Zahanati nyingi zimejengwa tangu hapo. Jengo halitoi kidonge.

Basi nani atoe, na kidonge gani? Hapa ndipo madaktari wenye wasiwasi wanapokuwa na haki ya kusikilizwa. Dawa za presha si peremende. Baadhi yake zina madhara kwa mtoto aliye tumboni, na mwanamke anayeanika dagaa anaweza kuwa na mimba ambayo hajaitambua. Mwenye figo mbovu anahitaji kipimo cha damu. Na mvuvi akipewa dozi kali akasimama ghafla kwenye mtumbwi saa nane usiku, kizunguzungu cha sekunde tano kinatosha kumtupa majini. Hofu hizi ni za kweli.

Ila tafiti za miaka ya karibuni zimezipunguza. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la CREOLE, Waafrika 728 kutoka nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo: mchanganyiko wa dawa wenye amlodipine, mojawapo ya dawa za presha, ulishusha presha zaidi ya mchanganyiko usio nayo. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, hivyo anayesahau siku moja haadhibiwi sana. Kero yake kubwa ni miguu kuvimba. Mwaka 2024 Nigeria ikaonesha, kwa watu 300, kwamba kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo ndogo kilishusha presha kuliko utaratibu wa kawaida wa kuongeza dawa hatua kwa hatua. Na China, katika vijiji 326, wahudumu wa kijiji wasio madaktari bingwa walianzisha na kupandisha dozi chini ya usimamizi; baada ya miaka mitatu magonjwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa theluthi moja.

Swali la mvuvi kuhusu dawa ya presha inayokojoza nalo halikosi: "Nikinywa hiyo ya kukojoza nikiwa ziwani itakuwaje?" Jibu lipo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, watu zaidi ya 21,000, ulikuta kunywa dawa asubuhi au jioni hakuna tofauti kwa moyo wala kiharusi. Anayelala mchana anywe akirudi pwani, akojolee nyumbani.

Wapo wanaotaka tuache yote haya tushike chumvi. China tena, vijiji 600, watu karibu 21,000: chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Nzuri, isipokuwa kwa wenye figo dhaifu. Lakini waliojaribiwa walikuwa wazee wenye presha na watu waliowahi kupata kiharusi, na chumvi hiyo sijaiona kwenye genge la Kirumba. Ije, tutaila.

Kwa upande wangu, ningepunguza mahema nusu, na fedha iliyobaki ninunue vidonge vya kukaa mezani pamoja na kipimo. Anayekutwa juu mara mbili, aliyekaa sawasawa, asiye mjamzito na asiye na historia ya figo, aondoke na dawa. Na asiondoke na za siku 30. Wenzetu wanaoishi na VVU wanapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa sababu wizara ilishaelewa kwamba mtu ana kazi za kufanya. Mwenye presha naye ana kazi.

Hasa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Maisha yake yanafuata mwezi wa angani, na kliniki inafuata mwezi wa ukutani. Nilipokuwa naondoka pale hemani, yule wa 158 alikuwa amerudi. Alikuwa amekaa kwenye gunia akatulia, nesi akaamua kumpima tena, safari hii mkono juu ya meza. 146 kwa 92. Akamwambia arudi kupima tarehe 14.

"Tarehe 14 ni giza, dada. Nitakuwa Goziba."

Nesi akatazama kadi, akatazama ziwa. "Mbalamwezi lini?"

Mvuvi akahesabu kwa vidole. Nesi akafuta tarehe 14.