Mkasi wa shabiki na kapo za tamthilia

Usiku ambao tamthilia ya Kituruki imefika pale wapenzi waliotengana wanapokutana tena, video fupi ambazo mashabiki hukata na kuunganisha kuhusu kapo, yaani wahusika wawili wanaopendana, hazisubiri kukuche. Kabla ya saa sita zimeshapanda mtandaoni: sekunde arobaini za macho yanayokutana, Bongo Fleva ya taratibu chini yake, maneno machache ya Kiswahili yakipita juu ya picha. Kesho yake zimejaa kwenye stetasi za WhatsApp, na watu wanaosubiri kivuko cha Kamanga wanaoneshana. Wengi ninaowajua wanaozitengeneza hapa Mwanza ni wanawake vijana: wanafunzi wa chuo kule Malimbe, mafundi cherehani, wauzaji wa vipodozi Makoroboi. Vifaa vyao ni simu, programu ya kuhariri isiyolipiwa na bando la usiku.

Wanalaumiwa sana. Lawama ya kwamba wanapoteza muda naipita, kwa sababu kupenda hadithi hakuhitaji kuombewa radhi. Inayostahili jibu ni ile ya kwamba wanaiba: picha si zao, wimbo si wao, na hadithi ilitolewa jasho na mtu mwingine. Nimeitafakari lawama hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa nazipenda kazi hizi na kwa kuwa naamini sehemu yake ni kweli.

Kwanza tuone kinachofanyika ndani ya video nzuri. Chukua tamthilia yenye vipindi mia. Katika vipindi thelathini vya mwanzo mwanamume na mwanamke hawavuki salamu. Hadithi iko kwa mama mkwe, kwenye urithi wa kiwanda, kwa adui anayeghushi wosia. Shabiki anarudi nyuma, anapitia kipindi kimoja kimoja, anakuta mara nne ambapo yule mwanamume alimtazama mwanamke akiwa amempa mgongo. Anaipanga mitazamo hiyo mfululizo, anaipunguza kasi, chini yake anaweka wimbo wa mtu anayekiri kwamba alipenda muda mrefu kabla ya kusema. Hakuongeza tukio hata moja, lakini amesema jambo ambalo mwandishi hakulitamka: penzi hili halikuanza kipindi cha thelathini na moja. Mwalimu wa fasihi angelieleza kwa insha ya kurasa tatu. Huyu amelieleza kwa mkasi, na aliyeiona video hiyo hawezi kuvitazama tena vile vipindi vya mwanzo kama alivyovitazama.

Sanaa hii ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1975 Mmarekani Kandy Fong alichukua vipande vya picha vilivyobaki kwenye uhariri wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, akavipanga kama slaidi, akavionesha kwa mashabiki wenzake pamoja na wimbo. Miaka ya 1980 wenzake, wengi wao wanawake, walifanya kazi hiyo kwa deki mbili za kaseti: moja inacheza, nyingine inarekodi, na ukichelewa kubonyeza kitufe unaanza upya. Mwaka 2010, baada ya mashabiki na wanasheria wao kwenda kujieleza, mamlaka za Marekani ziliruhusu watu kufungua kufuli za DVD ili kuchukua vipande vifupi kwa ajili ya video zisizo za biashara zinazotoa maoni au kuhakiki. Miaka miwili baadaye Kanada nayo iliweka kwenye sheria yake nafasi ya kazi za watumiaji wa kawaida zisizo za kibiashara. Yaani kuna nchi ambazo wenye mamlaka waliketi, wakalipima suala la video hizi, wakakubali kwamba ndani yake kuna usemi unaostahili kulindwa.

Huku kwetu hadithi za mbali hazijawahi kufika zikiwa vilevile zilivyotoka. Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, watu walizoea filamu yenye msimulizi. Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Lufufu, aliweka sauti yake juu ya filamu za nje, akaeleza stelingi anawaza nini, akatania, akatoa hukumu zake mwenyewe. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na miaka michache baadaye, mwaka 2016, kampuni ya televisheni ya kulipia ya StarTimes ilifanya mashindano Dar es Salaam ya kutafuta Watanzania wa kuingiza sauti. Kwa hiyo kapo anayoipenda fundi cherehani wa Mlango Mmoja imeshapita mikono mingi kabla ya kumfikia: mwandishi wa Istanbul, waigizaji, mtafsiri, na yule Mtanzania wa studio aliyempa mwanamume sauti nzito ya upole inayowakesha watu. Nusu ya mapenzi ambayo watazamaji wanayo kwa mhusika yule yanatoka kwenye sauti hiyo, na mwenye sauti karibu hatajwi popote.

Sisemi haya ili kuhalalisha kila kitu. Biashara ya filamu za kutafsiriwa, tukikubali ukweli, sehemu kubwa yake iliendeshwa bila ruhusa ya wenye filamu. Nasema tu kwamba anayemwona msichana mwenye simu kama mtu wa kwanza kuingiza mkono kwenye hadithi isiyo yake, hajaangalia hadithi hiyo ilivyomfikia yeye mwenyewe.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na video ya shabiki haikai vizuri ndani yake. Inampa mtunzi mamlaka juu ya kunakili, kusambaza na kugeuza kazi yake, kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Inampa haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Inaruhusu pia kunukuu kwa kiasi kinachostahili, chanzo kikitajwa. Mitazamo minne kutoka vipindi thelathini inaweza kutetewa kuwa ni nukuu. Wimbo mzima uliowekwa chini yake ni vigumu zaidi kuutetea.

Ila kesi hizi hazifiki mahakamani. Zinaamuliwa na mashine. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki ulioanza mwaka 2007, unalinganisha kila video na mafaili yaliyowekwa na wenye haki. Ukikuta inayofanana, mwenye haki anachagua kuizuia, kuchukua mapato ya matangazo yake, au kuiacha huku akifuatilia takwimu. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine na ni zito zaidi: ukipata matatu ndani ya siku 90, chaneli yako inaweza kufungwa. Mashine inatambua picha na sauti, haitambui kwamba picha hizo zimepangwa ili kusema jambo. Matokeo yake yanauma. Mtu aliyepandisha kipindi kizima baada ya kuigeuza picha kushoto kulia ili asishikwe anaweza kupenya, wakati aliyekesha juu ya sekunde arobaini anaondolewa.

Na huyo aliyepandisha kipindi kizima ndiye anayewaharibia wenzake. Siku hizi kuna kurasa zinazokata kipindi cha jana vipande sita, zinabandika mioyo myekundu pembeni, zinaita hiyo ni video ya kapo. Hakuna kilichochaguliwa wala kilichopangwa. Huko ni kuvujisha kipindi, na ninaposikia watu wakikutetea kwa jina la mapenzi ya mashabiki nasikia vibaya, kwa sababu mapenzi hayo yanatumika kama kificho.

Kampuni kubwa ya Istanbul huenda isisikie maumivu. Anayeyasikia ni kijana wa Igoma au Nyegezi anayetengeneza filamu fupi kwa kamera ya kukodi na waigizaji wanaolipwa nauli na chakula. Tegemeo lake ni YouTube, na kwa njia ya kawaida chaneli haianzi kuingiza pesa za matangazo mpaka ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mtu akikusanya matukio yote matamu ya stelingi na mchumba wake, akayafanya video ya dakika nane kwenye ukurasa wake, saa zile alizozihitaji kijana yule zimehamia kwa mwingine. Wanaotetea husema kwamba klipu humletea mwenye filamu watazamaji wapya. Ni kweli, huwaleta, pale jina la filamu linapotajwa. Tazama maoni chini ya klipu nyingi: mstari mrefu wa watu wanaouliza jamani hii inaitwaje, na aliyeposti kimya.

Usukumani kutaja mwenye kazi si jambo geni lililoletwa na sheria za Wazungu. Katika ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma yanayoshindana mpaka leo kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hujitaja jina ndani ya wimbo wake mwenyewe. Anajua wimbo utaimbwa mahali ambapo yeye hayupo. Jina la tamthilia, namba ya kipindi, jina la mwimbaji: vitu hivi vitatu vinatosha mstari mmoja, na shabiki anayeacha kuviandika sioni cha kumtetea.

Lawama iliyo nzito kuliko zote kwangu haimo kwenye sheria. Tamthilia nyingi zinazopendwa zina mwanamume anayemfungia mwanamke ndani, anayemnyang'anya simu, anayemzaba kofi kipindi cha tano na kulia magotini kipindi cha sitini. Anayetazama tamthilia nzima anabeba vyote, kofi na machozi, na anaamua mwenyewe kama msamaha ule ulistahili. Mkasi unaweza kuliondoa kofi. Kinachobaki ni mvua, koti lililovuliwa ili mwanamke asilowe, na wimbo. Msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwahi kuitazama tamthilia yenyewe anakutana na sekunde hizo arobaini wiki nzima, na anachokiona ni mwanamume mwenye wivu anayependwa kwa sababu ya wivu wake.

Mtetezi atajibu kwamba mwandishi wa tamthilia ndiye aliyemsamehe mwanamume yule kwanza, shabiki amefuata tu. Atajibu pia kwamba watu wazima wanajua tofauti ya hadithi na nyumba zao, na kwamba mwanamke aliyechoka na kazi ana haki ya kufurahia penzi la kubuni bila kuhubiriwa. Majibu hayo yana nguvu, hasa la mwisho. Sitaki furaha hiyo aporwe mtu. Lakini mwanamke huyo mtu mzima aliichagua furaha yake akiwa na habari zote, na yule wa kidato cha pili hakupewa hizo habari. Aliyezikata anazijua.

Kinachonipa moyo ni kwamba mkasi huohuo unaweza kufanya kinyume. Nimeona video ambazo kofi limerudishwa. Wimbo ni uleule wa mapenzi, mvua ni ileile, ila kila kiitikio kinapofika unaona mlango unafungwa kwa nje, simu inanyakuliwa, mwanamke anashika shavu. Maneno ya kubembeleza yanaangukia juu ya picha hizo, na hakuna sentensi hata moja ya kulaani iliyohitajika. Sijasoma uhakiki wa tamthilia ulionishika kama huo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka video hizi zipigwe marufuku moja kwa moja: marufuku hiyo ingemfukuza anayemsafisha mwanamume yule na anayemwanika kwa pamoja, na mwenye kipindi kizima angetafuta njia nyingine ya kupenya kama kawaida yake. Ninachokitaka ni kipimo kinachouliza nini kimekatwa na kwa nini. Wapo wanaoandika mwanzoni mwa video kwamba wamechagua mazuri tu na kwamba mwanamume huyu ana mabaya yake. Mstari huo haupunguzi utamu, na unamrudishia mtazamaji uamuzi wake.

Kuna na hili la kuwahamisha wahusika kwenda kwa waigizaji. Kapo ikipendwa sana, baadhi ya mashabiki huanza kukata picha za waigizaji wenyewe kwenye mahojiano na kuzipanga kama ushahidi kwamba wanapendana kweli, kisha wanakwenda kumtukana mke au mume halisi wa mmoja wao. Hapo sina pande mbili za kupima. Mhusika ni wa kila mtazamaji. Mwigizaji ana nyumba.

Upande wa ruhusa, watengenezaji wa filamu wa hapa Mwanza wanaweza kufanya jambo leo bila kusubiri mtu. Waandike chini ya kila filamu wanachokubali: klipu isiyozidi dakika moja, jina la filamu litajwe, pasiwe na matangazo. Shabiki mwaminifu atajua mpaka uko wapi, na mvujishaji hatakuwa na pa kujificha. Muziki ni mgumu zaidi, kwa sababu wimbo mmoja una wenye haki kadhaa: mtunzi wa mashairi, mwimbaji, mtayarishaji wa mdundo, wakati mwingine na kampuni inayosambaza. TikTok na Instagram zina maktaba za nyimbo zilizopatiwa leseni, na shabiki anayechukua wimbo humo yuko mahali salama kuliko anayechomeka faili alilotumiwa na rafiki. Leseni ile, hata hivyo, inaishia ndani ya mtandao huohuo. Video ikipakuliwa na kupelekwa YouTube, wimbo unakwenda bila ulinzi wowote, na wengi hawalijui hilo mpaka siku wanapokuta kazi yao imeondolewa au mapato yake yamekwenda kwa mwingine.