Mjomba hakuwa anazuga

Kwenye kipimo cha kumbukumbu, pembetatu ndiyo iliyomshinda mjomba. Aliigeuza karatasi, akachungulia nyuma, kisha akaniuliza kwa Kisukuma kama ule ni mkuki au tanga la mtumbwi. Mtaalamu aliyeketi mbele yetu akaandika kitu kwenye faili. Sekunde 10 zikaisha, karatasi ikachukuliwa, mjomba akapewa penseli achore alichokiona. Akaishika kama anavyoshika kisu cha kupara sato. Alichora duara moja na mstari mmoja, akairudisha penseli kwa heshima zote.

Ripoti ilipotoka ilisema matokeo hayaaminiki, na kwamba huenda mhusika hakutoa jitihada za kweli. Kwa lugha ya mtaani kwetu Igoma, Mwanza: anazuga.

Mjomba alikuwa mbebaji wa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Aliteleza kwenye ubao wa kushushia mzigo, kisogo kikagonga sakafu, akalala siku mbili bila kujitambua. Zamani alikuwa na wateja wa mkopo wasiopungua 20 na hakuwahi kuwa na daftari. Siku ya kipimo, kwenye daladala, aliniuliza mara tatu kabla hatujafika Buzuruga: "Mjomba, tunaenda wapi?" Na kila nilipomjibu alishukuru kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

Wenzake Mwaloni wana hoja yao. Mbona ukimuuliza habari za Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, anakusimulia alikuwa amekaa wapi, nani alileta habari, na watu walivyokimbilia ufukweni? Basi kichwa kizima, anataka fidia tu. Hoja hii inaniudhi kwa sababu inageuza dalili kuwa ushahidi wa uongo. Ubongo ulioumia mara nyingi unatunza ya zamani na kushindwa kushika ya leo asubuhi.

Anayejifanya hasahau hivyo. Yeye husahau kwa kufuata anavyodhani usahaulifu ulivyo. Mtaani kwetu kuna kijana aliyegongwa na bodaboda akatangaza amesahau jina lake na la mama yake mzazi. Namba ya siri ya kutolea pesa kwenye simu, hiyo aliikumbuka vizuri sana. (Alipona ghafla, wiki ile ile mwenye pikipiki alipokubali kulipa.) Kwa hiyo sisemi wazugaji hawapo. Wapo, na pesa ya fidia ikiishia kwao, wenye haki wanakosa.

Ndiyo maana vipimo vya kuwanasa vipo, na kimojawapo napenda kilivyobuniwa. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Kanada, Tom Tombaugh, alichapisha kipimo cha picha 50 za vitu vya kawaida. Unaonyeshwa zote, halafu unaletewa picha mbili mbili, utaje ipi uliiona. Ni kama ule mchezo wa watoto wa kuficha kijiwe: mkono upi? Asiyekumbuka chochote akibahatisha tu atapatia karibu 25. Ukipatia 10, haiwezi kuwa bahati mbaya. Kwa kubahatisha hilo hutokea chini ya mara 1 katika 10,000. Ili ukosee kiasi hicho lazima ujue kijiwe kiko mkono gani, kisha uchague mwingine kwa makusudi.

Hapo mzugaji amekamatwa, na sina ubishi. Ubishi wangu uko katikati. Mstari wa kutilia shaka kwenye kipimo hicho umewekwa kwenye 45, kwa kuwa hata wengi walioumia ubongo huzitambua picha hizo bila taabu. Lakini wazee wenye ugonjwa wa kusahau uliokwisha kukomaa huanguka chini ya 45 bila hila yoyote. Aliyepata 38 si sawa na aliyepata 10. Alama 38 inakuambia usiyategemee matokeo haya mpaka ujue kwa nini yako hivyo. Huenda hasikii vizuri, huenda miwani ameiacha nyumbani, huenda ana sonona, hajalala siku tatu, au ni kweli anazuga. Kutoka "matokeo hayaaminiki" mpaka "mtu huyu haaminiki" ni safari ndefu, na ripoti ya mjomba iliiruka kwa sentensi moja.

Turudi kwenye ile pembetatu. Kipimo alichopewa mjomba ni cha André Rey wa Uswisi: vitu 15 kwenye karatasi. Ukisikia 15 unaogopa, na ndiyo mtego wenyewe, kwani aliyesoma anagundua haraka kuwa ni mistari mitano tu: A B C kubwa, a b c ndogo, 1 2 3, I II III za Kirumi, na duara, mraba, pembetatu. Kwake ni vitu vitano anavyovijua tangu shule ya msingi, hivyo akipata chini ya 9 anatiliwa shaka. Mjomba hakuwahi kukaa darasani. Kwake ni michoro 15 ya ajabu, kila mmoja peke yake, na penseli juu yake.

Si kwamba njia nyingine hazipo nchini. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi cha kutambua ugonjwa wa kusahau kwa wazee, hata wasiosoma: unapanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano, unataja wanyama, unaulizwa daraja ni nini. Hakikutengenezwa kunasa wazugaji, lakini aliyekitunga alijua nani atakaa kwenye kile kiti. Mjomba angewaeleza daraja ni nini mpaka wachoke, aanze na foleni zilizokuwa kwenye kivuko cha Kigongo kabla ya daraja.

Tumeomba apimwe upya. Katika barua ya maombi nimeandika pia kosa langu, maana siku ile mkalimani nilikuwa mimi, nisiye na mafunzo yoyote. Mtaalamu alisema, "Mwambie aangalie na akariri." Nami kwa haraka nilimwambia mjomba aangalie. Basi.